Kukoroma kulikorudi alfajiri: kisa cha kifaa cha neva ya ulimi, Tabora

Mgonjwa ni mwanamume wa miaka 58, mkazi wa Kanyenye, Tabora mjini. Alifanya kazi Marekani kwa miaka mingi, akastaafu mapema na kurejea nyumbani mwaka 2024. Kifuani upande wa kulia, chini ya mtulinga, ana kifaa cha kusisimua neva ya ulimi alichowekewa huko mwaka 2021 kwa ugonjwa wa kukosa pumzi usingizini. Hospitali amefika kwa ajili ya ngiri ya kinena. Habari ya kukoroma imetajwa na mkewe, tena mwishoni, faili likiwa limeshafungwa.

Kisa hiki kimetungwa kwa kufundishia na vipimo vya mgonjwa ni vya mfano. Taarifa za ugonjwa, kifaa na utafiti ni halisi.

Alichokuja nacho

Barua ya kliniki iliyomwekea kifaa inaonyesha kwamba kabla ya upasuaji pumzi ilikuwa ikikatika au kupungua mara 41 kwa saa. Kuanzia mara 5 huhesabiwa ugonjwa, 15 ni wa kati, 30 na kuendelea ni mkali. Alijaribu mashine ya kusukuma hewa kwa barakoa, ikamshinda. Alipopimwa tena akiwa na kifaa, hesabu ilishuka hadi 7 kwa saa kwa nguvu ya volti 2.1. Kwenye rimoti yake hiyo ni ngazi ya 5, na kila ngazi ni volti 0.1. Kliniki ilimwachia ngazi 1 hadi 11, yaani volti 1.7 hadi 2.7, ajirekebishie mwenyewe ndani ya mipaka hiyo.

Malalamiko ya sasa ni manne. Mkewe anasema anakoroma tena na mara nyingine pumzi inakata kabisa. Mchana anasinzia: kwenye maswali ya Epworth, ambayo alama zake ni 0 hadi 24 na zaidi ya 10 ni usingizi uliopita kiasi, amepata 13, na bado anaendesha gari barabara ya Nzega. Ulimi una kidonda chini upande wa kulia. Mgongo unamuuma, na kwa ajili hiyo amekuwa akinunua diazepamu ya miligramu 5 duka la dawa na kumeza kila usiku. Ana presha, anatumia amlodipini. Uzito umepanda kutoka kilo 84 hadi 91 kwa urefu wa mita 1.70, yaani uwiano wa uzito na urefu umetoka 29 hadi 31.5.

Kwa sababu ya kukoroma amekuwa akipandisha rimoti ngazi moja baada ya nyingine, na sasa yuko ya 11. Kukoroma hakukupungua. Ulimi ukaanza kuuma, akawa anaruka usiku mmoja mmoja bila kuwasha ili upumzike.

Kifaa kinavyofanya kazi

Aliyelala misuli yake hulegea. Kwa mwenye ugonjwa huu, ulimi na kaakaa laini huangukia nyuma na kuziba njia ya hewa. Kifua kinaendelea kuvuta lakini hewa haipiti, oksijeni inashuka, ubongo unamshtua, anavuta pumzi kwa kishindo, kisha analala tena bila kukumbuka chochote asubuhi.

Kifaa chake kina sehemu tatu za ndani. Ya kwanza ni kiini chenye betri na saketi, kilichozikwa chini ya ngozi ya kifua. Ya pili ni waya unaopita shingoni hadi chini ya taya, mwisho wake ukiwa na mkanda mdogo uliozungushwa kwenye matawi ya neva ya ulimi (neva ya 12 ya kichwa) yanayosukuma ulimi mbele. Ya tatu ni waya wa kuhisi pumzi, uliolazwa katikati ya misuli ya mbavu. (Toleo lililoidhinishwa Marekani mwaka 2024 limeondoa waya huu wa kuhisi pumzi. Aliyewekewa 2021 anao, kwa hiyo kuuona kwenye eksirei si ajabu.) Waya wa mbavu ukihisi pumzi ya kutoka inakwisha, kiini hutuma umeme mdogo kwenye neva, ulimi husogea mbele na kubaki hapo mgonjwa anapovuta hewa.

Nje kuna rimoti tu, inayotumia betri za kununua dukani. Kifaa hakichajiwi wala hakijali umeme umekatika, na kwa Tabora huo ni ubora mkubwa kuliko mashine ya barakoa. Betri ya ndani hukadiriwa kudumu miaka 11 hivi.

Rimoti ina mambo mawili ambayo aliyewahi kuelekezwa huyasahau, na asiyewahi kuelekezwa hawezi kuyakisia. Ukiiwasha, ulimi hupata msisimko mfupi wa kuthibitisha, kisha kifaa hunyamaza kwa muda uliopangwa ili mtu apate kusinzia. Kwa mgonjwa huyu ni dakika 30. Halafu kifaa hujizima chenyewe baada ya muda uliopangwa. Kwake ni saa 8 tangu kubonyezwa.

Swali lililofungua kisa

Katika kliniki nyingi swali huwa ni kama mgonjwa anakoroma au hakoromi. Hapa muuguzi alimuuliza mkewe: “Mama, anaanza kukoroma saa ngapi?” Jibu likaja bila kusita: “Mwanzo wa usiku ametulia. Huanza muadhini akiwa karibu kuadhini, na akirudi kulala baada ya swala ndiyo kabisa.”

Jibu hilo lina thamani kuliko nusu ya vipimo. Ugonjwa uliorudi kwa sababu ya uzito au nguvu ndogo ya umeme haungoji alfajiri. Ungeonekana usiku kucha, hasa akilala chali. Kinachoanza kwa saa maalumu kina saa yake.

Ratiba ya mzee ikaandikwa kwenye karatasi. Hubonyeza rimoti saa 2:30 usiku baada ya Isha, akajinyoosha kochini kutazama taarifa ya habari. Hulala hasa saa 4:00 usiku. Huamka kwa swala ya alfajiri saa 11:30, na hurudi kitandani saa 12:15 hadi saa 2:00 asubuhi, kwani hana ofisi ya kuwahi. Kifaa kilichobonyezwa saa 2:30 usiku kinajizima saa 10:30 alfajiri. Kwa hiyo katika usingizi wa jumla ya saa 9 na robo, saa 2 na dakika 45 kifaa kimezimika. Alipokuwa kazini Marekani alilala saa 6 au 7 kwa usiku, na muda wa saa 8 ulimtosha na kuzidi. Waliompangia hawakukosea, maisha ndiyo yaliyobadilika.

Na saa zilizokosa kinga ndizo mbaya zaidi. Usingizi wa ndoto huwa mwingi mwishoni mwa usiku, na wakati huo misuli ya koo hulegea kupita wakati mwingine wowote.

Kuthibitisha

Alivaa oksimita (kipimo cha oksijeni ya damu) ya mkononi yenye kumbukumbu usiku mmoja, bila kubadilisha chochote katika mazoea yake. Hesabu iliyotumika ni kushuka kwa oksijeni kwa asilimia 4 au zaidi, mara ngapi kwa saa.

Kuanzia saa 4:00 usiku hadi 10:30, oksijeni ilishuka mara 8 kwa saa. Kuanzia 10:30 hadi alipoamka, na tena aliporudi kulala, mara 38 kwa saa, mchoro ukawa na meno ya msumeno na kufika asilimia 82. Sasa angalia wastani wa usiku mzima: 17. Daktari akipewa namba hiyo peke yake, ataona mgonjwa aliyekuwa na 7 sasa ana 17, atahitimisha kwamba kifaa kinafanya kazi nusu nusu na nguvu iongezwe. Ndicho alichofanya mgonjwa mwenyewe kwa hisia zake, akafika ngazi ya 11. Volti zikiongezwa kwenye kifaa kilichozimika hazisaidii. Zinauma tu saa ambazo kimewaka. Ripoti ya oksimita ya mgonjwa mwenye kifaa isomwe saa kwa saa, na wastani utazamwe mwisho, au usitazamwe kabisa.

Pasipo oksimita yenye kumbukumbu, simu inatosha kuanzia: programu ya kurekodi sauti, simu ikae mita moja kutoka kichwani, irekodi usiku kucha. Haipimi oksijeni, lakini inaonyesha kukoroma na vimya vyake vilianza saa ngapi, na hilo ndilo swali.

Kabla ya kuridhika na maelezo ya saa, kifaa chenyewe kilikaguliwa. Mgonjwa aliketi, mdomo wazi kidogo, akawasha ngazi ya 5. Ulimi ulitoka mbele na kupita meno ya chini. Hicho ndicho kinachotakiwa. Ulimi ukirudi nyuma au ukikunjamana tu, waya unaweza kuwa umesogea na kugusa matawi yanayovuta ulimi ndani. Ukitulia tuli katika ngazi zote, waya umekatika, betri imekwisha au rimoti haiwasiliani na kiini. Hili la mwisho ndilo la kuangalia kwanza: badilisha betri za rimoti, isogeze kifuani juu ya kifaa. Eksirei ya kifua na shingo ililinganishwa na picha iliyoambatishwa kwenye barua. Nyaya zilikuwa mahali pake. Pua zilikaguliwa pia, maana vumbi la kiangazi huziba pua na kumlazimisha mtu kupumulia mdomo. Hazikuwa na shida. Shingo haikuwa na rovu.

Kidonda cha ulimi

Hapa sababu zilikuwa mbili zilizokutana. Jino la chini la mbele lilikuwa limevunjika na kubaki na ncha, na ulimi ulikuwa ukisukumwa juu yake kwa volti 2.7 mamia ya mara kila saa. Daktari wa meno alilisawazisha jino kwa dakika chache. Rimoti ilirudishwa ngazi ya 4 kwa wiki moja, kisha ya 5. Kama kidonda kingeendelea, hatua inayofuata ingekuwa kinga laini ya plastiki ya kuvaa kwenye meno ya chini usiku. Kuzima kifaa hadi kidonda kipone ndilo shauri analopewa mgonjwa na kila mtu, na halifai: usiku bila kifaa humrudisha kwenye 41, akiwa na presha na usukani mkononi.

Marekebisho

Muda wa saa 8 hauwezi kubadilishwa kwa rimoti ya mgonjwa. Hubadilishwa na kliniki kwa kompyuta maalumu, sawa na upana wa mpigo na mpangilio wa elektrodi. Tabora ikabidi kufanya kazi na kile ambacho mgonjwa anaruhusiwa kugusa: kuwasha, kuzima, kusitisha kwa muda, na ngazi.

Ikawa hivi. Asibonyeze kochini. Abonyeze saa 3:45 usiku, robo saa kabla ya kupanda kitandani. Kwa hiyo umeme unaanza saa 4:15, na kifaa kinajizima 11:45, baada ya muda wake wa kuamka. Akiamka kwa swala azime. Akishatawadha na kabla hajaanza kuswali, awashe tena: atapata msisimko mfupi, kisha dakika 30 za ukimya, ambazo zinatosha kuswali nyumbani na kurudi kitandani. Hesabu ya saa 8 inaanza upya, hivyo usingizi wa asubuhi wote unalindwa. Siku akienda msikitini, awashe anaporejea. Mwezi wa Ramadhani utaratibu ni huohuo wakati wa daku, na hapo ndipo wengi huharibikiwa: mtu anazima ili ale, anashiba, analala, rimoti inabaki mezani.

Diazepamu ilisimamishwa, hulegeza misuli ileile ambayo kifaa kinajaribu kuiamsha. Kwa kuwa alikuwa ameimeza kila usiku kwa miezi, ilipunguzwa kwa nusu kidonge kwa wiki mbili kwanza. Uzito ulizungumzwa bila kumtisha: sahani ya wali ya usiku ipungue, atembee jioni. Kuendesha gari safari ndefu kulisitishwa hadi alama za Epworth zishuke chini ya 10.

Wiki ya sita oksimita ilirudiwa. Mara 7 kwa saa, na alfajiri haikuwa tofauti na usiku wa manane. Epworth 7. Kilo 89. Ngazi ilibaki ya 5, ileile ya mwaka 2021.

Asitarajie sifuri. Katika utafiti mkuu wa kifaa cha namna hii, uliochapishwa mwaka 2014 kwa wagonjwa 126, kiwango cha kati kilishuka kutoka 29.3 hadi 9.0 kwa saa baada ya mwaka mmoja, na takriban theluthi moja hawakufikia lengo lililowekwa. Mke aambiwe hivyo pia, maana yeye ndiye anayesikia.

Ngiri, chumba cha upasuaji, na rimoti iliyosahaulika nyumbani

Ngiri ilifanyiwa upasuaji baada ya hayo yote, na mpangilio huo ulikuwa wa makusudi. Kumpeleka kwenye upasuaji mtu ambaye pumzi inamkata mara 38 kwa saa, kisha kumpa dawa kali za maumivu, ni kuomba balaa wodini usiku wa manane.

Ganzi ya mgongo ilichaguliwa badala ya nusukaputi. Kifaa kilizimwa kabla ya kuingia chumbani. Kuhusu kisu cha umeme, kinachotakiwa ni kile cha ncha mbili, ambapo umeme hupita kati ya ncha zake tu. Kikitumika cha ncha moja, bamba la kurudishia umeme libandikwe pajani, upande wa ngiri, ili njia ya umeme ibaki kati ya kinena na paja na isipite kifuani. Nguvu iwe ndogo kadiri inavyowezekana, kwa mibonyezo mifupi. Likibandikwa begani au mgongoni kwa mazoea, umeme unavuka eneo la kifaa. Baada ya upasuaji kifaa huwashwa na ulimi hutazamwa kama unatoka kama kawaida.

Maumivu: parasetamoli gramu 1 kila baada ya saa 6, pamoja na ganzi iliyochomwa kwenye kidonda. Pethidini na mofini hazikukatazwa kabisa, ila akipewa alale kichwa kikiwa juu, oksimita kidoleni, kitanda karibu na meza ya muuguzi.

Na rimoti iende hospitali naye. Inaonekana ni neno dogo, lakini ndipo mambo huharibika: ndugu wanabeba shuka, chupa ya chai na ndoo, rimoti inabaki kwenye droo Kanyenye, na usiku wa kwanza baada ya upasuaji, ambao ndio wa hatari kuliko wote, mgonjwa analala bila tiba. Kwenye kadi ya kitanda iliandikwa kwa herufi kubwa: WASHA RIMOTI SAA 3:45 USIKU.

Mambo ambayo Tabora yanaweza kumdhuru

Mgongo unamuuma, kwa hiyo atapelekwa fiziotherapia. Mashine za joto la umeme au mawimbi, yaani daitherimi ya tiba, ni mwiko kwake hata kama zinawekwa kiunoni. Nguvu yake inaweza kusafiri kwenye nyaya na kuunguza neva. Mazoezi na kukandwa kiuno kwa mikono hakuna neno.

Picha ya MRI ya mgongo isiombwe kabla ya kusoma namba ya modeli kwenye kadi yake. Zipo modeli zinazoruhusu kwa masharti, na masharti hayo yanaweza kuhusu kichwa na miguu lakini yasihusu kiwiliwili. Eksirei, CT na ultrasaundi ya kupima hazina tatizo.

Hijama na chale za kienyeji zisifanywe kifuani kulia, shingoni kulia wala chini ya taya. Vivyo hivyo sindano za mishipa mikubwa ya shingo upande huo. Ngozi juu ya kifaa ikivimba, ikawa nyekundu au ikatoa usaha, isipasuliwe kama jipu la kawaida. Mgonjwa aanzishiwe antibayotiki na apewe rufaa. Akisikia mishtuko ya umeme kifuani au shingoni, azime kifaa siku hiyohiyo, na eksirei ipigwe kutafuta waya uliochubuka.

Kifaa kipo upande wa kulia na si cha moyo. Asiyejua atakiandika kama kisaidia moyo, na kosa hilo likiingia kwenye faili huzaa maamuzi ya ajabu ya dharura. Akihitaji kushtuliwa moyo ashtuliwe, ila pedi zikae mbali na uvimbe wa kifaa.

Ndugu wa mgonjwa waliuliza kama mjomba wao wa Urambo, anayekoroma vilevile, naye anaweza kupata kifaa hiki. Si pa kuanzia. Kifaa huwekwa kwa aliyejaribu mashine ya barakoa ikamshinda, ambaye koo lake limetazamwa kwa kamera akiwa amelazwa kwa dawa na kuonekana kwamba kaakaa haliporomoki kwa kujibana pande zote, na aliye karibu na mtu wa kukirekebisha. Mjomba apimwe kwanza kwa oksimita usiku mmoja, alale ubavu, apunguze uzito, ajaribu barakoa.

Mgonjwa ameandikiwa karatasi moja ya Kiswahili ya kukaa na cheti chake cha bima: modeli, tarehe ya kuwekwa, ngazi ya kawaida, volti, muda wa kujizima, mambo ya mwiko, na barua pepe ya kliniki ya Marekani. Kliniki imeombwa irefushe muda hadi saa 10 atakapokwenda kuwatembelea watoto wake huko. Betri inakadiriwa kufikia 2032 hivi, na kuibadilisha ni upasuaji wa kifuani pekee, bila kugusa shingo. Gharama yake ianze kutafutwa 2030.